UZI: Dizeli inapanda, mwenye lori wa Arusha na Moshi apunguze lita wapi na apange nauli vipi?

#1 KichwaNaTela (mwenye uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (mamlaka ya nishati na maji) wakitoa bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa sheli, mvutano huku kaskazini ni uleule. Mteja anashikilia nauli ya mwezi uliopita, sheli inauza kwa bei ya leo, mwenye lori amebanwa katikati. Bei ya soko la dunia, dola na tozo hatuzipangi sisi. Vilivyo mikononi mwetu ni viwili: lita zinazoliwa kwa safari, na nauli tunayokubali. Naomba uzi ubaki kwenye hayo mawili, kwa namba. Anayejua pampu aeleze pampu, anayejua tairi aeleze tairi.

Naanza na kipimo, kwa sababu bila kipimo hutajua kama fundi amekusaidia au amekula hela yako. Jaza tangi mpaka alama moja unayoijua, gari likiwa mahali tambarare, kisha andika odomita. Safari ikiisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze mpaka alama ileile. Lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Gawa kilomita kwa lita. Fanya hivyo safari tatu kabla ya kumhukumu dereva au injini.

Usitafute namba moja ya gari zima. Tafuta tatu: likishuka Dar na mzigo, likipanda na mzigo, na likiwa tupu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kupandisha tani 50 kutoka pwani mpaka huku kunahitaji karibu lita 48 za dizeli kwa kuinua uzito peke yake, kwa injini iliyo nzima, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi. Kwa hiyo dereva anayepanda na saruji hawezi kulinganishwa na anayeshuka na mahindi, hata kama barabara ni hiyo moja ya kilomita 650 hivi kupitia Segera na Chalinze.

Semi ya ekseli sita iliyo salama kiufundi, ikiwa na mzigo kamili, huwa kati ya km 1.8 na 2.5 kwa lita. Fuso ya tani 10 huwa kati ya 3 na 4. Ukiwa chini ya hapo, endelea kusoma.

Tahadhari moja: ukibadilisha saizi ya tairi, odomita inabadilika nayo. Kutoka 11R22.5 kwenda 12R22.5 mzingo unaongezeka karibu asilimia 3, hivyo odomita itasoma pungufu na lori litaonekana linakula zaidi ilhali halijabadilika.

#2 Sakina_Juu

Asante mkuu. Shida inaanzia hapo kwenye "alama". Geji ya dashibodi inapanda na kushuka gari likiwa limesimama. Mtu anajuaje kilichomo kwenye tangi bila kujaza kila mara?

#3 FundiPampu_Unga

@Sakina_Juu achana na geji ya dashibodi, tengeneza kijiti cha kupimia. Tangi la pembe nne ni rahisi. Chukua vipimo vya ndani: tuseme upana sm 60, kimo sm 60, urefu sm 110. Zidisha yote, unapata sentimita za ujazo 396,000, yaani lita 396. Kila sentimita moja ya kimo ni 60 × 110, sawa na lita 6.6. Chukua ufito wa alumini au mbao ngumu isiyopakwa rangi, piga mstari kila sentimita, na kila sentimita tano andika lita zake.

Tangi la duara halikubali hesabu hiyo. Sentimita moja ya katikati ni lita nyingi, ya chini kabisa na ya juu kabisa ni chache. Hapo limalize tangi mpaka tupu, kisha mimina lita 20 kwa 20 kwa chombo chenye kipimo cha uhakika, na kila ukimimina tumbukiza kijiti uchonge alama pale ilipolowa. Ni kazi ya asubuhi moja, inakutosha maisha yote ya tangi hilo.

Makosa ya kijiti ni mawili. La kwanza ni mteremko. Gari likiinama kidogo, usawa wa dizeli pale kwenye mdomo wa tangi unaweza kuhama sm 2, na kwa tangi la hapo juu hizo ni lita 13. Watu wamegombana na madereva waaminifu kwa sababu ya yadi isiyo tambarare. Chagua sehemu moja ya yadi, weka alama chini tairi la mbele linapokaa, pima hapo siku zote. La pili ni kupima mara tu baada ya kujaza. Subiri dakika kumi povu litulie na matangi mawili yalingane, kama yameunganishwa.

Pia usijaze mpaka mdomoni. Dizeli iliyotoka kwenye tangi la chini ya ardhi ni ya baridi, na ikipata joto la mchana inavimba. Lita 400 zikipanda nyuzi 15 zinaongezeka karibu lita 5. Zisipopata nafasi zinamwagika njiani, nawe umezilipia.

#4 Njiapanda_Himo

Niongezee ulinzi wa hayo mafuta, maana kijiti kitakuonyesha yamepungua lakini hakitasema yametokea wapi. Njia zinazotumika ni hizi: mpira wa kunyonya kupitia mdomo wa tangi, nati ya kutolea uchafu chini ya tangi, na bomba la riteni.

Hilo la tatu ndilo wengi hawalijui. Injini za dizeli hurudisha tangini mafuta yasiyotumika. Mtu akilegeza riteni akaielekeza kwenye dumu injini ikiwa inawaka, dumu linajaa bila kugusa kifuniko cha tangi, na kufuli yako inabaki salama. Dalili zake: spana imeacha mikwaruzo mipya kwenye nati ya riteni, hosi ina klipu mpya kuliko nyingine, au kuna T iliyoongezwa isiyo na kazi. Dawa yake ni kupaka rangi ya mafuta kwenye nati zote za bomba hilo. Rangi ikipasuka, imefunguliwa. Nati ya chini ya tangi itobolewe kichwa, ipitishwe waya na lakiri yenye namba. Mdomoni weka chujio la chuma la kuzuia mpira, lile linalofungwa kwa riveti.

Na sheli nayo ikaguliwe. Hakikisha pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo iliyo hai na imeanza kwenye sifuri. Risiti ya EFD iandikwe namba ya gari na lita, siyo kiasi cha fedha peke yake, kwani utaihitaji kwenye hesabu za kodi.

#5 FundiPampu_Unga

Sasa injini. Moshi mweusi ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha, yaani hela inatoka kwenye eksosi. Kabla hujafungua pampu, anza na hewa, ni rahisi na mara nyingi ndiyo yenye kosa.

Kwa malori yanayoingia Simanjiro, Mang'ola, Ngarenanyuki, filta ya hewa inaziba mapema kuliko ratiba ya kitabu. Usiigonge kwenye tairi, karatasi inachanika kwenye mikunjo na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda na turbo. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi psi 30, kisha weka taa ndani yake mahali penye giza. Ukiona tundu hata la sindano, tupa. Ukiona vumbi ndani ya hosi ya baada ya filta, tatizo ni klipu au mpira wa kuzibia, na kununua filta mpya hakutakusaidia.

Kwenye injini za turbo kagua hosi za intakula (kipoza hewa ya turbo). Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, mtu akanyage mafuta, tazama mapovu. Hosi iliyopasuka kwa chini, upande usioonekana, inafanya lori lipoteze nguvu mlimani na litoe moshi mweusi, na hapo mafundi wengi wanarukia pampu bila sababu.

Halafu kuna suala la mwinuko wetu. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani. Injini isiyo na turbo, kama 4D33 ya Canter au 6D16 ya kawaida, ikiwa pampu yake imepimwa Dar ikapewa mafuta ya pwani, huku itatoa moshi kila ikipanda. Kama gari linafanya kazi Karatu, Arusha na Moshi tu, mwambie fundi wa benchi apunguze ujazo kidogo kulingana na mwinuko. Injini ya turbo hujifidia kwa kiasi kikubwa.

Nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Vitu vitatu vinaangaliwa: presha ya kufungukia, umbo la mnyunyizo, na kudondosha. Nozeli inayodondosha tone baada ya kufunga ndiyo inayotoa moshi na kuchoma kichwa cha pistoni. Zikirudishwa, washa ya shaba iwe mpya na ya unene uleule, kwani ukiweka mbili nozeli inakaa juu na mnyunyizo unapotea mahali pake. Vali zirekebishwe injini ikiwa ya baridi. Kwa 4D33 ni milimita 0.4, kwa nyingine soma kibati cha injini.

Mawili ya mwisho yanafanywa sana gereji zetu na yote ni hasara. Kutoa thamostati: injini haifiki joto lake la nyuzi 80 hadi 90, hasa asubuhi za Juni na Julai, dizeli haiungui vizuri na nyingine inashuka kwenye oili. Kufunga feni kwa bolti baada ya klachi yake kufa: kwenye injini kubwa feni inayozunguka muda wote inakula farasi 20 na zaidi hata pale isipohitajika. Gari likichemsha tafuta sababu, iwe rejeta iliyoziba au pampu ya maji, usiliponye kwa kuliongezea mzigo.

#6 Kijana_wa_Kilombero

Mkuu fundi, kuna ushauri umeenea wa "kubana pampu", yaani kuipunguzia mafuta inayotoa, ili lori lile kidogo. Ina ukweli?

#7 FundiPampu_Unga

Mdogo wangu, ina ukweli kwa pampu iliyokuwa imefunguliwa kupita kiwango. Ile iliyo sahihi ukiibana unapunguza nguvu peke yake. Kazi ya kupandisha mzigo haibadiliki. Dereva atashuka gia mbili zaidi, injini itazunguka kwa kasi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na lita mwisho wa safari zinabaki zilezile au zinaongezeka. Irudishe kwenye kiwango cha kiwanda, basi.

#8 Tairi_na_Ekseli

Sehemu inayosahaulika ni hii ya chini.

Upepo: tairi zote zikipungua psi 10, ulaji unaongezeka karibu asilimia 1, na tairi linakufa mapema kwa joto. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji, siyo kwa kupiga rungu. Rungu halitofautishi psi 90 na psi 115. Tairi ikiwa ya moto usitoe upepo hata geji ikisoma juu, kesho asubuhi itakuwa pungufu. Zile za ndani kwenye tairi pacha ndizo zinazosahaulika, zifungie valvu ndefu. Na tairi pacha zisipishane kipenyo zaidi ya milimita 6, vinginevyo kubwa inabeba mzigo na ndogo inaburuzwa.

Alaimenti ya tela: semi inayotembea upande, ukiwa nyuma yake unaona ubavu wake, inaburuza tairi muda wote. Huhitaji mashine kugundua. Pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya kingpini (pini inayoshika tela kwenye kichwa) mpaka katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) ya ekseli ya kwanza, kushoto kisha kulia. Tofauti isizidi milimita 3. Kisha pima kutoka ekseli ya kwanza mpaka ya pili, na ya pili mpaka ya tatu, pande zote mbili. Hapo tofauti isizidi milimita 1.5. Ikizidi, angalia bushi za radias na bolti za springi kabla ya kukaza chochote.

Breki zinazobana: hapa ndipo lita nyingi zinapopotea kimyakimya. Tembea km 20 hivi bila kufunga breki kwa nguvu, simama taratibu, kisha pita kila hab na kipimajoto cha mkononi kile cha mwanga. Tairi mbili za ekseli moja zikitofautiana nyuzi 30 au zaidi, ile ya moto inabana au beringi yake imekazwa mno. Huna kipimajoto, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, joto litakuambia.

Sababu zake kwa mpangilio wa kuzitafuta: springi ya kurudishia viatu imelegea, shafti ya S imekauka grisi, slaki (mkono wa kurekebishia breki) imekazwa kupita kiasi, na upepo unaovuja. Slaki ya mkono ikirekebishwa, fimbo ya chamba (kopo la upepo la breki) ivutwe kwa mkono breki zikiwa zimeachiwa, itembee milimita 13 hadi 16. Chini ya hapo inabana. Na kwa chamba ya 30, breki ikikanyagwa fimbo isitembee zaidi ya milimita 50, zaidi ya hapo haishiki. Breki za kuegeshea zinashikwa na springi na kuachiwa na upepo, kwa hiyo hosi ya kati ya kichwa na tela ikivuja, springi inaanza kurudi kidogo kidogo na tela linaburuzwa bila dereva kujua.

#9 Boma_Hai

Tuongee na uendeshaji. Sheria inaruhusu lori la zaidi ya tani 3.5 kwenda km 80 kwa saa nje ya makazi, na kwa mafuta namba hiyo ni nzuri pia. Upinzani wa upepo unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 95 unaongezeka karibu asilimia 41. Na muda unaookolewa ni mdogo. Kwenye kilomita 300 za wazi, tofauti ya 80 na 90 ni dakika 25, zote zinaishia kwenye foleni ya mizani.

Kuhusu kutoa gia mteremkoni. Shuka ya Kikafu, kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, ni mahali ambapo madereva wanaoambiwa "bana mafuta" wanashawishika kuweka nutro. Ni kosa mara mbili. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetolewa, injini inazungushwa na magurudumu na mafuta yanakatwa kabisa, iwe pampu ya zamani au ya umeme. Ukiweka nutro, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hiyo unakula zaidi, na umepoteza breki ya injini, breki za magurudumu zinachemka kabla hujafika darajani. Lile daraja na kona zake haziachi nafasi ya kurekebisha. Shuka na gia uliyopandia, washa eksosi breki, mguu nje.

Kuacha injini inawaka: semi inakula karibu lita 3 kwa saa ikiwa imesimama. Saa nne kwa siku za kusubiri mzigo na mizani, siku 25, ni lita 300 kwa mwezi. Kwa dizeli ya Sh 3,000 hizo ni Sh 900,000. Turbo inahitaji dakika mbili tatu kupoa baada ya kazi nzito, siyo nusu saa.

Na turubai lifungwe. Linalopigapiga, au bodi tupu iliyo wazi kwenye upepo wa nyanda za Same, ni sawa na kuvuta parashuti. Tela lenye ekseli ya kunyanyua, ikiwa tupu inyanyuliwe.

#10 MamaSemi_Majengo

Nawashukuru mafundi, mmeeleza vizuri sana. Mimi nije upande wa nauli, kwa sababu hata lori likila vizuri, nauli mbaya inaua biashara.

Tuchukue mfano ili namba zionekane. Semi inabeba tani 30. Arusha kwenda Dar na mzigo, km 2.2 kwa lita: lita 295. Kurudi tupu, km 3.2 kwa lita: lita 203. Jumla lita 498. Dizeli ikiwa Sh 3,000, mafuta ni Sh 1,494,000.

Gawa lita 498 kwa tani 30, unapata lita 16.6 kwa tani. Namba hiyo ndiyo ya kuishika kwenye mazungumzo. Dizeli ikipanda Sh 300, kila tani inahitaji Sh 4,980 zaidi ili ubaki ulipokuwa. Usimwambie mteja "mafuta yamepanda, ongeza laki mbili", mwonyeshe lita. Mteja anayefanya biashara ya mahindi au vitunguu anaelewa hesabu ya kwa tani kuliko malalamiko.

Kwenye mkataba wa muda mrefu weka kifungu kama hiki: "Nauli hii imekokotolewa kwa dizeli ya Sh 3,000 kwa lita, bei kikomo ya EWURA ya Arusha Mjini. Bei hiyo ikipanda au kushuka kwa zaidi ya Sh 100, nauli itaongezeka au kupungua kwa Sh 16.6 kwa tani kwa kila shilingi ya tofauti, kuanzia safari inayofuata tangazo." Neno "kushuka" lisiondolewe. Ndilo linalomfanya mteja asaini, na ni haki yake.

Sasa mzigo wa kurudi. Wengi wanasema "chochote kuliko kurudi tupu". Si kweli, ina kikomo na kikomo kinapigiwa hesabu. Kupanda na mzigo kamili, km 1.8 kwa lita, ni lita 361. Ungerudi tupu ungekula 203. Tofauti ni lita 158, sawa na Sh 474,000. Ongeza dalali na wapakiaji, tuseme 150,000. Ongeza siku za kusubiri: posho, bima, maegesho na rejesho la mkopo, tuseme 120,000 kwa siku. Ukisubiri siku mbili ni 240,000. Jumla Sh 864,000, karibu 28,800 kwa tani. Nauli ya kurudi iliyo chini ya hapo inakula faida ya kwenda. Iliyo juu ya hapo, hata kwa kidogo, chukua. Ila kila siku unayoongeza kusubiri inapandisha kikomo chako kwa 4,000 kwa tani, kwa hiyo mzigo wa bei ya wastani ulio tayari leo unaushinda mzigo mzuri wa keshokutwa.

Tazama pia vipande vya njiani. Jasi ya Makanya inashuka kwenda viwanda vya saruji, saruji ya Tanga inapanda, sukari ya TPC inatoka Arusha Chini. Lori lililoshusha Tanga halina haja ya kwenda mpaka Dar kutafuta cha kurudi nacho.

#11 Sakina_Juu

Mama, hesabu hii ya kikomo cha mzigo wa kurudi naichapisha naibandika ofisini. Swali: kwa nini mtu asiongeze tani mbili tatu juu ya 30 ili lita kwa tani zishuke?

#12 Njiapanda_Himo

Kwa sababu ya mizani, kaka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inatoa tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, 24 kwa tatu za tela. Jumla 50, gari na mzigo pamoja. Ukizidi unalipa na unapunguza au kupanga upya mzigo hapohapo, na gari linalosubiri linakula siku.

Lakini wengi wanaokamatwa Njiapanda hawajazidi jumla. Wamezidi kundi moja la ekseli kwa kupakia mbele. Kwenye tela ambalo kingpini mpaka katikati ya ekseli tatu ni mita 7.7, ukihamisha tani 2 za magunia nyuma kwa mita 3, karibu kilo 780 zinaondoka kwenye kichwa na kuhamia ekseli za tela. Utingo anayejua hilo anapanga magunia vizuri tangu ghalani. Kumbuka pia tangi lililojaa lita 400 ni kilo 336 hivi, nazo zinahesabiwa.

#13 Kijana_wa_Kilombero

Vipi kuhusu kuchanganya oili chafu iliyochujwa, au mafuta ya taa, kwenye dizeli? Na zile sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta?

#14 FundiPampu_Unga

Vyote vitatu hapana.

Oili chafu ina majivu ya viungo vyake na chembe za chuma ndogo ambazo kitambaa hakizichuji. Pistoni za pampu zimesagwa kwa usahihi wa sehemu za elfu za milimita, zinakwaruzika, na nozeli zinashika kaboni. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, na lita yake ina nguvu ndogo kuliko ya dizeli, hivyo kilomita kwa lita zinashuka. Zaidi ya hapo, mafuta yanawekwa vinasaba (alama ya kutambua yaliyochakachuliwa) tangu 2010, na uchakachuaji ni kosa la kisheria. Dizeli ya madumu ya barabarani nayo hapana, hujui imekaa wapi wala ina maji kiasi gani. Sumaku haibadilishi chochote kwenye dizeli.

Kama tayari umeweka mafuta ya mashaka, mwaga maji ya chujio la chini kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwenye chupa angavu. Maji yatakaa chini, mstari unauona kwa macho.

#15 KichwaNaTela

Naongeza la mahali pa kujazia. Bei kikomo hutofautiana mji kwa mji kwa sababu ya usafirishaji kutoka bandarini, na kanda yetu inahudumiwa zaidi kupitia Tanga. Kwa hiyo anayepanda kutoka Dar au Tanga alinganishe Korogwe, Same, Moshi na Arusha kabla hajaamua. Piga *152*00# ufuate maelekezo. Lita 350 kwa tofauti ya Sh 40 ni Sh 14,000 kwa kituo kimoja. Na bei kikomo ni ya juu kabisa inayoruhusiwa, haimkatazi mwenye sheli kuuza chini yake, hivyo mwenye malori matatu na kuendelea ajadiliane punguzo kwa lita za mwezi mzima.

Wanaopita Namanga au Holili wakumbuke kwamba Kenya bei zao hutangazwa na EPRA, mamlaka yao ya nishati, tarehe 14 na kuanza tarehe 15. Nauli ya Nairobi ya katikati ya mwezi inaguswa na matangazo mawili, iandikwe hivyo.

#16 Marangu_Mtoni

Shikamooni wakubwa. Kwa Canter ya ndizi, Marangu au Rombo kwenda Arusha, lipi lianze kati ya haya yote? Haiwezekani kufanya yote mwezi mmoja.

#17 Tairi_na_Ekseli

Marahaba. Kwa Canter ya safari fupi yenye milima: upepo wa tairi na breki zinazobana wiki hii, havikugharimu zaidi ya grisi na muda. Filta ya hewa na thamostati wiki ijayo, maana injini inayoanza safari alfajiri ya baridi kule juu inachelewa kupata joto. Nozeli na vali mwisho wa mwezi, ukipata hela ya benchi. Uzio wa ndizi ukiwa mrefu kuliko kabini na unarudi mtupu, ufanye wa kukunja. Na kabla ya kugusa chochote, pima safari tatu kama mwenye uzi alivyoeleza, kisha lete namba hapa tuziangalie.